Kioo Juu ya Ufa

Baba alilibisha jiwe kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba asiyo na hakika kama ina wenyewe.
Nyundo ndogo, pigo moja, kisha sikio.
Jiwe zima hulia kama kengele ya kanisa.
Lenye ufa hujibu kwa kikohozi.
"Hili linaumwa," alisema, akachora msalaba wa chaki,
na Evencio, msimamizi wa chimbo, akatukana chinichini,
kwa sababu tani kumi na nane za itale ya waridi
zilikuwa zimegeuka kokoto za barabarani.

Mimi nilikwenda Vigo kusomea anachokijua yeye.
Nina mashine. Nakata mche wa jiwe, mnene kama kifundo cha mkono wangu,
nausimamisha kati ya sahani mbili za chuma,
naubana.
Mwanzoni unalegea kidogo, jambo ambalo hukulitarajia kwa jiwe:
ni nyufa ndogo zinafumba, mojamoja,
kama macho ya darasa zima mchana wa joto.
Zikishafumba, jiwe linakaza, mstari unanyooka kwenye skrini,
ukadhani limepona.
Halijapona. Limebanwa tu.
Halafu vinaanza vishindo vidogo, ti, ti,
kwenye kinasa sauti nilichokibandika ubavuni.
Ufa haubebi kitu, kwa hiyo ncha yake
hubeba mzigo wa jirani wote;
inachoka, inasogea unywele mmoja,
inakutana na ncha nyingine.
Kisha mlio, na vumbi, nami naandika namba.

Kutoka bonge moja nilipata mia na arobaini na nane.
Kutoka bonge hilohilo, mche uliokatwa mshazari, sitini na moja.
Nikarudia. Nikailaumu mashine.
Jumapili nikampelekea baba karatasi, akiwa anamenya viazi.
"Umeliuliza jiwe lina nguvu kiasi gani," alisema.
"Jiulize kwanza unalisukuma kutoka wapi.
Ufa uliolala, ukiukalia, unafunga mdomo.
Uliosimama wima unakuacha upite kando yake.
Ulioegemea, huo ndio unaoteleza."
Akaonyesha kwa kisu na kiazi.
Namba zangu zilisema vivyo hivyo, kwa kurasa arobaini.

Februari mvua ilinyesha siku ishirini na tatu.
Juu ya ngazi ya nne ya chimbo palikuwa na ufa
ambao sote tuliujua, tuliuruka tukienda kula.
Baba alikuwa ameshastaafu, lakini alipanda,
plasta ndani ya ndoo, kipande cha kioo cha dirisha la jikoni,
akakibandika kuuvuka ufa, akaandika tarehe kwa penseli.
Usipoziba ufa, utajenga ukuta:
lakini ukuta huu hakuna aliyeujenga,
na ufa wenyewe ulishuka kusikofika kamba.
Maji hayabanwi. Yakijaa humo hayaombi nafasi,
yanazisukuma kuta zote mbili,
na msuguano, ule ulioshikilia kila kitu miaka yote,
unanyanyuliwa kama shuka.

Jumanne kioo kilikuwa kimevunjika.
Mstari mmoja, mwembamba, usingeweza hata kukata kidole.
Evencio alikitazama muda mrefu, kofia mkononi.
"Kioo cha dirisha," alisema. "Hata paka hukivunja."
Kisha akawaambia wanaume wahamishe kibanda.

Walihamisha kibanda, meza, jiko la gesi.
Walisahau redio.
Mwamba uliteremka Alhamisi, saa kumi alfajiri.
Mimi nililala Vigo, sikusikia kitu.
Baba alisikia. Kishindo hakukizungumzia hata siku moja;
alisema kilitanguliwa na sauti ndogo sana,
kama mtu anavunja tambi kavu chumba cha pili,
naye akaketi kitandani gizani, akaanza kuhesabu,
akafika tisa.