Mstari Nilioukata

Kutaisi, Ijumaa. Mvua imekwisha ila mifereji haijaambiwa.
Ukumbi wa maktaba una viti sitini na watu tisini;
wengine wamekalia kingo za madirisha, makoti magotini,
na mtoto wa Tsiuri amelala juu ya rundo la vitabu vipya
ambavyo bado vinanuka gundi.

Naijua harufu hiyo. Mimi ndiye niliyevipitia,
nukta kwa nukta, katika chumba cha nyuma cha kiwanda cha chapa,
chai ikipoa, macho yakiwasha.
Jina langu limo ukurasa wa mwisho, kwa herufi za sisimizi:
msahihishaji, Otia Kvirkvelia.
Hakuna afikaye huko. Hata mama yangu aliishia kwenye jalada.

Lamara Gogoladze ana miaka sabini na mmoja.
Thelathini na minne aliimaliza akihesabu skrubu za malori,
na nyuma ya daftari za skrubu, kwa penseli,
aliandika riwaya.
Leo amevaa gauni la rangi ya biringanya
na viatu ambavyo, naona, vinambana.

Ukatangulia wimbo. Wajukuu watatu wa Murtaz:
sauti nzito ilianza kama mtu asukumaye kabati,
ya kati ikaiegemea,
nyembamba ikapanda bila kushika ukuta.
Kisha mkuu wa maktaba akasema, "Kwa ufupi,"
na ufupi wake ukala nusu saa.

Kisha Lamara akafungua kitabu
kwenye ukurasa wa mia na kumi na mbili.

Moyo ukanishukia tumboni.

Siri ya mtungi aijuaye kata;
siri ya ukurasa huo aijuaye ni aliyekata.
Sura ilimwagikia ukurasa mpya kwa maneno tisa tu,
na karatasi hainunuliwi kwa huruma.
Nikaufuta mstari, nikaweka nukta.
Simu ilikuwa mezani. Sikumpigia.
Nilijiambia: katika maneno elfu tisini, nani atayalilia tisa?

Akasoma. Majira ya baridi yasiyo na umeme,
foleni ya mkate tangu alfajiri,
mama anarudi, anapanda ngazi gizani,
ghorofa ya tatu, ya nne,
anaketi kidogo apumzike,
na jirani anamkuta asubuhi, ameketi vilevile.

Hapo taa zikazimika.

Ukumbi ukaguna kwa kinywa kimoja.
Mtu akawasha tochi ya simu; mwingine akamwambia, "Zima."
Katika mji huu giza lina wenyeji wake, walilala nalo miaka.
Lamara hakukohoa, hakuuliza.
Aliendelea bila karatasi, nami nikamfuata kichwani,
koma kwa koma, hadi kwenye nukta yangu.
Nikaingoja.

Akaipita.

"Na mkate ulikuwa bado moto chini ya koti lake."

Sijui kimya kilidumu kiasi gani.
Safu ya mbele mzee mmoja alivua kofia, nilisikia kitambaa kikisuguana na nywele.
Halafu ile sauti nzito, peke yake, bila kuitwa,
ikaanza kulisukuma kabati lake gizani.

Umeme uliporudi watu walikuwa wakitazama viatu vyao.
Nikapanga foleni ya sahihi, wa mwisho kwa makusudi.
Hakuniuliza jina. Hakufungua ukurasa wa kwanza.
Alikwenda moja kwa moja kwenye mia na kumi na mbili,
na pembeni, kwa mwandiko wa kubana wa mtu aliyezoea daftari za wenyewe,
akayarudisha maneno yangu tisa. Yake.

Kisha akanikabidhi penseli.
"Zimebaki nakala mia mbili," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Alikuwa amekwisha vua viatu.
Mtoto wa Tsiuri aliamka, akawa ananipa vitabu kimoja kimoja,
kila kimoja kikiwa na joto la shavu lake.
Kufikia cha arobaini mkono uliniuma.
Na mkate, nikaandika. Na mkate.