Neno la Kiu

Makang'wa, mwezi wa tano, uwele umekwisha vunwa,
nami ndiye niliyeshika daftari la kina:
mita arobaini, udongo mwekundu;
mita sabini, jiwe;
mita themanini na tatu, jiwe, na jino la keekee limevunjika.

Fundi mkuu alitoka Sri Lanka, jina lake Sumanapala.
Watoto walilikata likabaki Suma, naye akaitika.
Usiku ule mwezi ulijaa hadi pembe za ng'ombe zikang'aa.
Aliukataa ugali wetu, si kwa dharau,
akawasha kibatari juu ya ndoo iliyofunikwa,
akasema leo kwao ni siku ya mtu mmoja
aliyezaliwa, akaamka, akafa,
mara zote tatu chini ya mwezi kama huu.

"Akaamka?" nikauliza. "Mbona sote huamka?"
Akacheka. "Ndilo jina lake. Buda: aliyeamka."

Akasimulia kwa Kiswahili cha kambini, cha kuokoteza:
mwana wa mtawala, kusini ya milima yenye theluji,
aliyefichwa uzee kama mtoto afichwavyo ufunguo wa ghala.
Siku moja akatoka. Akaona mgongo uliopinda.
Akaona mgonjwa. Akaona maiti ikipita mabegani mwa watu.
Kisha akaona mtu asiye na kitu, na uso wake umetulia.
Usiku akaondoka, mke na mtoto wamelala.

"Mtoto amelala?" Mama alisimamisha ungo.
"Wa siku ngapi?"

Suma hakumtetea. Alipunguza utambi.
Upepo ukatupiga mchanga machoni, sote kwa haki sawa.

Miaka sita alijinyima, mbavu zikahesabika
kama fito za tembe lililobanduka udongo,
mpaka mwanamke mmoja akampa bakuli la wali wa maziwa.
"Huyo," Mama akasema,
"ndiye mwenye akili katika habari yote hii."

Jirani yetu Chilongani alikuwa akikaza zeze lake.
Suma akamuuliza: ukikaza mno?
Waya unakatika.
Ukilegeza?
Linalia kama mbuzi mwenye mafua.
Basi, akasema, ndivyo alivyoiona njia, hapo katikati,
akawafuata wenzake watano waliokuwa wamemsusa
akawaambia: maisha yana maumivu;
maumivu yana mzizi; mzizi hung'oleka;
na njia ya kuung'oa ipo. Kuona sawa, kunena sawa,
kula jasho lisilomdhuru mtu...
alikunja vidole vinane,
viwili vilivyobaki akakunia shingo.

Na mzizi wenyewe?
Akatafuta neno. Akajaribu tamaa, akaliacha.
Akajaribu uchu, akaliacha.
Mwisho akaligonga dumu tupu la Mama kwa ukucha.
"Kiu."

Hapo hakuna aliyeomba tafsiri.
Mama, aliyekwenda saa mbili na kurudi saa mbili
kila siku tangu usichana wake, akasema taratibu:
"Kiu yangu si kosa, mwanangu."
"Si kosa, Mama. Ya koo ukiipa maji hunyamaza.
Ile nyingine ukiinywesha, hukua."

Siku ya tatu maji yaliruka, mita mia na kumi na nane.
Vigelegele. Tukalowa mpaka kope.
Nikakinga kiganja, nikaonja.
Chumvi.

Chilongani alivua kofia akaitupa matopeni.
Suma aliketi juu ya bomba, mikono magotini,
na sikuona uso wa mtu aliyefika popote,
niliona fundi aliyechoka.
Mama alionja, akatema, akanawa miguu.
"Mbuzi watakunywa," akasema, akaliinua dumu lake,
akashika njia ya zamani.

Nami, daftari mkononi, nilikuwa nimekwisha kujenga,
moyoni, nyumba ya bati na duka mbele yake,
kwa senti za kila ndoo ya maji yale.
Hakuna aliyejua. Niliandika kina kwa wino wa buluu.

Jioni ile nilikuwa na kiu mbili.
Moja ilikwisha kwa kikombe kimoja,
cha maji aliyoleta Mama.