Ndoo ya Saa Kumi

Usiku wa mkesha wa mwaka mpya, pale Mabatini,
niliahidi saa nzima kila siku.
Niliahidi kwa sauti, tena nimesimama,
na Mama Lushinge aliyekaa kando yangu akaitikia amina
kama shahidi anayetia dole gumba kwenye karatasi.

Siku ya kwanza nilisali mpaka magoti yakafa ganzi.
Ya pili nilisali nikiwa kitandani.
Ya tatu nililala.
Ya nne nilianza kumkwepa Mungu
kama ninavyomkwepa Kabula wa dukani
anayenidai sukari na kiberiti:
nikapita njia ya juu, nyuma ya mawe.

Ikafika Kwaresima. Kilichoniamsha si toba, ni mgao.
Maji ya kilimani kwetu yalikuja saa kumi alfajiri,
kukipambazuka yamekata.
Bomba la mtaa hukohoa kwanza, hutema kutu,
ndipo linatoa uzi, mwembamba kama wa kushonea.
Ndoo moja hula Baba Yetu thelathini,
ukisali bila haraka.
Nilihesabu. Sikuwa na kazi nyingine.

Zile za mwanzo zilikuwa za kuhesabia tu.
Kisha, katikati ya moja, likaingia jina la Masalu,
mwanangu aliyeko machimboni Geita,
ambaye simu yake haipatikani.
Kesho yake vikaingia vidole vya Nyanzobe,
tunayekata naye minofu ya sangara kiwandani;
kisu kilimpitia Ijumaa.
Nikifika kwenye mkate wetu wa kila siku
mara nyingine nawaza bei ya sembe,
nasahau nilipoishia. Narudi mwanzo.
Ndoo haijali.

Sikuweka alama kwenye kalenda.
Nilijua tu kwamba nikikosa
siku nzima inanipwaya, kama kiatu cha kuazima.

Mwezi wa nane wakaja mafundi wa maji.
Wakachimba palipochimbika, kwingine
wakalaza mabomba juu ya mawe, kama nyoka wanaoota jua.
Maji yakawa ya usiku na mchana.
Mtaa mzima ulipiga vigelegele, nami nilipiga,
tena changu kilisikika mpaka barabarani.

Wiki tatu sikusali.
Ndoo ilikuwa inafurika
kabla sijafika jina lako litukuzwe.

Leo nimeamka saa kumi. Hakuna aliyenigusa;
mwili una kumbukumbu zake, haumuulizi mtu.
Ziwa huko chini lilikuwa jeusi bado,
taa za wavua dagaa zimetapakaa
kama mtaa mwingine uliokosa usingizi.
Nimechukua ndoo, ingawa pipa limejaa hadi shingoni.
Nimefungua bomba jipya, lenye nguvu za kijana,
kisha nimelirudisha,
nimelirudisha tena,
mpaka maji yamebaki uzi.

Jirani akichungulia dirishani
atasema Mama Masalu amerukwa na akili,
anayabania maji yaliyojaa.
Aseme.

Tone la kwanza kwenye kitako cha ndoo lina sauti.
Baba yetu.
La pili.
Baba yetu uliye.