Mbwa Hakubweka

Afande, umeniuliza mara mbili: unamfahamu?
Kalamu yako imesimama juu ya fomu.
Mvua ya Tukuyu inapiga bati
kama mtu anayemwaga mahindi,
kwa hiyo nitasema kwa sauti. Usidhani sina haya.

Namfahamu.
Hunywa chai bila sukari tangu mwaka aliofiwa na dada yake.
Kikombe chake kwangu ni kile cha bati, chenye ua la bluu;
sikumpa, alikichagua, kikawa chake.
Namfahamu kwa kikohozi, kwa kengele ya baiskeli,
kwa jinsi anavyofuta viatu kwenye jani la mgomba
kabla ya kukanyaga sakafu yangu.
Hata jana usiku alifuta.

Hilo liandike. Alifuta viatu.

Ndiye mpima maziwa pale kituoni.
Miaka sita nimempelekea ndoo kabla hakujapambazuka,
hajawahi kunipunja hata robo lita.
Mume wangu alipokwenda Tunduma kutafuta riziki
alimshika bega mbele yangu, akamwambia:
"Nakuachia nyumba."
Nyumba, afande. Nilisikia vizuri.

Tulipomzika mama, yeye alibeba jeneza upande wa kichwa.
Udongo ulikuwa umeloa, wenzake wakateleza,
yeye hakuyumba.
Nililia kwenye koti lake.
Ni koti lile lile.

Wifi anasema, si ungepiga kelele?
Kelele za kumwita nani?
Miaka yote hii, nikiogopa usiku,
jina nililoambiwa niite
ni lake.

Nilipokuwa msichana walinifundisha kuogopa
njia ya mtoni, walevi wa kilabuni,
utingo wa malori, mgeni asiyesalimia.
Nimewakwepa wote. Nimezunguka vilima viwili
na mzigo wa kuni kichwani
ili nisipishane na mtu nisiyemjua.
Hodi ninayoijua
hakuna aliyenifundisha kuiogopa.

Umeandika mbwa hakubweka. Umepigia mstari.
Najua wakili wake atakavyousoma mstari huo.
Mimi nausoma hivi: mgeni angeraruliwa suruali.
Huyu amemlisha mifupa ya Krismasi
kwa mkono wake mwenyewe,
mbwa akatikisa mkia, akarudi kulala.
Ushahidi wangu ni huo mkia, afande.
Sina mwingine.

Asubuhi nilipeleka maziwa. Usishangae,
ng'ombe hajui msiba, kiwele kikijaa kimejaa.
Akapokea, akapima, lita nane na nusu,
akaandika, mwandiko umenyooka.
Halafu akanisalimu mbele ya foleni, kama kila siku:
*Ugonile?*
Umelala?

Ndiyo salamu yetu, kila mtu huitoa.
Jibu lake ni *ndaga*, na *ndaga* ni asante vilevile.
Wanawake wanane wakasubiri niitikie.
Nikalitafuta lile neno mdomoni
kama mtu anayetafuta jino lililong'oka,
nikaokota ndoo yangu tupu,
nikaja huku kwa miguu. Sijaoga.
Nesi amesema hapo nimefanya vyema.

Basi andika: anajulikana.
Jina ni Lugano. L, U, G.
Kwetu maana yake ni upendo,
lakini hiyo usiiandike, nafasi yenyewe ndogo.

Alama maalumu?
Hana.
Anafanana na watu.
Kesho ukienda kumfuata pale kituoni
atatangulia kukusalimu, kwa heshima, kofia mkononi.
Tafadhali,
usiitike.