Njia ya Kudumu

Neno lenyewe ni permanent.
Lilikuwa mgongoni mwa koti la baba,
herufi kubwa zilizochubuka: Kikosi cha Njia ya Kudumu.
Ndivyo reli inavyoitwa kwetu Cumbria,
vyuma, mataruma, kokoto, vyote pamoja,
kuitenga na ile njia ya muda ya kubebea vifusi
kabla treni ya kwanza haijapita.

Miaka thelathini na mmoja
Wilf Postlethwaite aliamka saa tisa usiku
kwenda kung'oa cha kudumu
na kukiweka cha kudumu kingine.
Taruma la mti huoza. La zege hupasuka.
Februari bahari hupanda ukuta
na kuzibugia kokoto bila kutafuna.
"Kingedumu," alisema, akihangaika na kamba za buti,
"tungekula nini?"

Mama naye chumba cha mbele, saluni ya viti viwili.
Kibao dirishani: Mawimbi ya Kudumu, pauni nne na nusu.
Dawa ilinuka mayai viza hadi juu ya ngazi.
Bi Isobel Tyson alikuja kila baada ya wiki kumi
kudumishwa upya,
na hakudai kurudishiwa hata senti.
Nilikuwa na miaka tisa. Nikamuuliza mama
kama huo si uongo.
Alikuwa na vibanio mdomoni, akavitema kimoja kimoja.
"Lililopindwa halinyooki. Limedumu.
Ila chini yake zinaota nyingine,
na hizo hatukuahidiana nazo."

Alizikwa na mawimbi ya wiki ya tatu.

Jana, kwenye makao ya wazee, karani akanipa fomu.
Anwani ya kudumu ya mkazi.
Nikaandika nyumba yetu, namba kumi na nne,
nikakumbuka kibao cha dalali getini, nikakata.
Nikaandika chumba namba sita.
Nikatazama kitanda kile chenye magurudumu,
nikakata tena.
"Andika anapolala," karani akasema, bila ubaya.

Usiku ule treni ya mwisho ilipita nyuma ya bustani.
Baba, ambaye jina langu limeshamponyoka,
akainua kidole.
"La tatu kutoka darajani. Limelegea."

Asubuhi nilifungua pazia.
Vijana watatu wenye makoti ya rangi ya chungwa
walikuwa wamelipigia magoti.