Kiini cha Huruma

Kwamboka aliniambia, kabla hajapanda ngazi kurudi kwake:
kokwa haing'olewi kabla nyingine haijaota.
Akaandika nyuma ya risiti ya unga:
nakili kwanza, jaribu baadaye,
kiini cha zamani usikifute.

Hivyo nikanakili. Picha za mazishi ya baba,
hesabu za chama, ripoti za Mutheu za darasa la tano,
vyote ndani ya flashi, flashi ndani ya soksi,
soksi ndani ya sufuria tusiyoipikia.

Laptopu niliinunua Luthuli, mkono wa tatu;
herufi N imeng'oka, naibonyeza kwa njiti ya kiberiti.
Haikukijua kidude changu cha intaneti:
nikikichomeka, inakitazama
kama mgeni aliyebisha mlango usio wake.
Dawa, waliniambia, ni kukisuka kiini upya.

Nikaazima mipangilio ya kile cha zamani,
sikutaka kuanza na ukurasa mtupu.
Hata hivyo maswali yakaja, maelfu:
unakitaka hiki? Ndiyo, hapana, au kiwe moduli?
Mitambo ambayo sijawahi kuiona,
printa za enzi ya noti ya shilingi kumi,
redio za meli.
Nisichokijua nikakiacha nilivyokikuta.
Isipokuwa kimoja. Kilikuwa na jina gumu,
nikajiona mjanja, nikakiondoa.

Saa tatu usiku nikaamuru. Tokeni za stima: kumi na moja nukta nne.
Feni ikavuma kama mtu anayepuliza makaa yaliyolowa.
Mistari ikashuka, ikashuka,
ikakwama: kifurushi fulani hakipo.
Nikakitafuta, nikakiweka, nikaanza tena.
Ikakwama: diski imejaa.
Nikafuta sinema mbili za Mutheu, anisamehe.
Ghorofa ya juu mtu alikuwa akiburuta kitanda.
Saa nane mita ikalia.

Alfajiri kikaiva. Nikakiweka kando ya kile cha kwanza
kwenye orodha ya kuwashia,
nikazima, nikawasha, nikachagua kipya.

Giza. Kisha maandishi meupe, machache:
diski siioni, nimetaharuki.
Hata mimi.

Lakini usiache mbachao kwa msala upitao.
Nikawasha tena, nikateremsha mshale mara moja tu,
nikachagua cha zamani, na nyumba yangu yote ikarudi:
picha, hesabu, hata ile N isiyokuwepo.
Nililia kidogo. Mbona nisilie?

Jumapili nikarudisha nilichokiondoa kwa ujanja;
kumbe lile jina gumu ndilo lililoshika ufunguo wa diski.
Safari hii nikakibatiza kiini, mwisho wa namba yake,
jina la mtaa huu wa ngazi zisizo na taa.
Kikasimama. Nikaiuliza mashine: unaendeshwa na nani?
Ikajibu namba, nukta, namba, kistari,
huruma.

Intaneti inashika. Sauti ndiyo imepotea.
Nimempigia Kwamboka, amecheka mpaka salio likaisha.
Risiti ya unga nimeibandika ukutani,
na cha zamani sijakifuta,
wala sitakifuta mwezi huu.