Rangi Tatu Chini ya Daraja

Tulipaka mawe rangi mwezi wa pili,
Nzoia imekonda pale Webuye, mbavu nje:
makubwa kama kichwa cha ndama, nyekundu;
ya kiasi cha ngumi, manjano;
changarawe tukazichovya kwenye kopo la chokaa
tukazianika juu ya gunia.
Mchanga hatukuupaka. Nani apake mchanga?

Mukhwana wa lori akacheka, ameegemea koleo.
"Hilo nalo fumbo? Chepesi hutangulia.
Ngoja mvua ya Cherangani, utaniambia."
Nikaliandika dau lake kwenye daftari la vipimo,
kando ya tarakimu za serikali:
soda mbili.

Mvua ilinyesha huko juu usiku wa Jumanne,
kwetu hata ngurumo haikufika.
Maji yakapanda ubao, alama kwa alama,
rangi ya chai ya maziwa.
Nikalala kifudifudi ukingoni, sikio juu ya mwamba;
macho hayakuwa na kazi tena.

Kwanza, kimya.
Kimya cha watu waliosongamana mlangoni,
kila mmoja akimwambia mwenziwe: tangulia.

Mchanga ulikuwa umejibanza kisogoni mwa mawe,
punje kwa punje,
kama watoto nyuma ya gauni la mama
mgeni apigapo hodi.
Mto ukawapita juu, haukuwaona.
Ila jiwe moja jekundu, lililotoa bega,
lilipokea maji yote peke yake.
Likatikisika. Likarudi kitini.
Likatikisika.
Ko.
Sauti ya jino linapong'oka.

Na pale lilipokuwa limeketi
mchanga ukainuka wote kwa mkupuo,
changarawe zikaufuata, na manjano,
wala sikusikia tena mzito ni nani, mwepesi ni nani.
Mwamba ulinguruma sikioni hadi alfajiri.

Maji yaliposhuka tulilikuta jekundu
hatua thelathini na moja chini ya daraja,
limelala ubavu, rangi imechubuka.
Nyeupe hatukupata hata moja.

"Lilikuwa limechoka," akasema Mukhwana.
Sikumjibu. Nilikuwa namwaza Khaoya, kifungua mimba wetu,
yule tuliyeapa hang'oki,
aliyeondoka wa kwanza kazi zilipoisha;
na kufikia Krismasi
vitanda vitatu vilikuwa wazi, mama anakunja mablanketi.

Mukhwana alilipa soda moja.
Ya pili, anasema, niudai mto.